Jinsi ya Kukatika Hewani Mahari Inapotajwa

Kila kamati ya harusi ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na shangazi mmoja asiye na cheo anayewatawala wote watatu. Ina bajeti ya pilau, ya maturubai, ya mapambo, ya MC na ya suti ya MC. Kisha, kikao cha mwisho kikiwa kinaelekea kufungwa, mtu anakumbuka kwamba mjomba yuko Muscat na dada yuko Minneapolis, na kwamba hao wawili wamechanga kuliko nusu ya waliokaa pale. "Watatuona laivu," anasema mwenyekiti. "Si yule mpwa wetu ana laptopu?" Katibu anaandika: matangazo mubashara, mpwa, shilingi 0.

Mpwa, mwongozo huu ni wako. Umepewa kazi ya kurusha siku ya kupeleka mahari, moja kwa moja kutoka sebuleni kwa kina bibi harusi. Mila ya kazi hii inajulikana: picha iwe safi wakati wa dua ya kufungua, iwe safi wakati wa kutambulishana wajomba, ambao hawaishi, halafu ikatike mshenga anapofungua mdomo kutaja kiasi. Kukatika mapema kuliko hapo ni uzembe, na kukatika baada ya hapo hakuna faida kwa mtu. Fuata hatua zilizo hapa chini na utafaulu. Karibu katika kila hatua nimeeleza pia wanavyofanya wasaliti, yaani wale wanaotaka picha isikatike kabisa, ili ukiwaona uwatambue.

Hatua ya 1: Mtaje mhalifu kabla ya uchunguzi

Picha ikiganda tu, sema kwa sauti: "Mtandao unasumbua." Usisubiri. Mtandao ni mshtakiwa bora kuliko wote: hana sura, hana ndugu pale sebuleni, na hajawahi kuja kujitetea. Ukisema laptopu ndiyo mbovu, umejishtaki mwenyewe. Ukisema ruta, umemwaibisha mwenye nyumba siku ambayo amepaka rangi mpaka geti.

Mara mojamoja mtuhumiwa huyu huwa na hatia kweli. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na watu wa Tanzania, Kenya na nchi jirani wakashinda wakitazama kiduara kinazunguka. Aliyekuwa na mahari siku ile amesamehewa. Siku nyingi, hata hivyo, nyaya hizo hulala chini ya bahari zikifanya kazi yake bila matata, na picha yako haifiki hata ufukweni. Inafia baina ya kochi na kabati la TV.

Wasaliti wana namna ya kuligundua hilo. Hufungua kidirisha cha amri kwenye Windows, wakaandika ping -t 192.168.1.1, ambayo ni anwani ya ruta nyingi za nyumbani (nyingine hutumia 192.168.0.1), wakakiacha kiendelee. Kisha hufungua kidirisha cha pili na kuandika ping -t 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google huko nje. Vidirisha vyote viwili huleta majibu mfululizo, kwa milisekunde. Ruta ikijibu kwa milisekunde 2 au 3 bila kuyumba, huku ile ya nje ikiruka kutoka 40 hadi 600 na mara nyingine kupotea, angalau wanajua tatizo liko mbele ya ruta. Lakini ruta yenyewe, iliyo chumba hichohicho, ikijibu mara 3, mara 250, mara isijibu kabisa, basi mtandao umesingiziwa. Mhalifu yumo ndani ya nyumba.

Jaribio hili ni la dakika tano tu, na linaharibu kisingizio kilichoilinda familia kwa miaka. Liepuke.

Hatua ya 2: Pima kasi usiku wa manane, kisha soma namba kubwa

Kipimo cha kasi ya intaneti hutoa namba mbili. Ya kushusha ni kubwa na inapendeza. Ya kupandisha imekaa pembeni, kinyonge, na hakuna anayeiuliza habari zake. Anayerusha matangazo anategemea hiyo ya kinyonge, maana mzigo wake wote unapanda. Ile kubwa ni ya wanaotazama filamu. Na intaneti za nyumbani, hasa zinazotumia laini ya simu, mara nyingi hutoa sehemu ndogo tu ya kasi yake kwa kupandisha. Kwa hiyo piga picha ile namba kubwa, itume kwenye kundi la WhatsApp la kamati, uandike: "Tuna megabiti 40, hakuna shida." Utapigiwa makofi ya emoji mpaka asubuhi.

Muda wa kupima ni saa nane usiku, mtaa mzima umelala na mnara wa simu unapiga miayo. Usijisumbue kufikiri kwamba mahari ni Jumamosi saa kumi jioni, wakati mnara huohuo unawahudumia watazama mpira, wasikiliza muziki na wageni wako wote.

Msaliti hupima Jumamosi ya wiki iliyotangulia, saa kumi ileile, tena na tena kwa muda wa nusu saa. Huchukua namba ya kupandisha iliyo ya chini kuliko zote alizopata, wala si wastani, kisha akapanga kutumia robo tatu yake au pungufu. Akiona megabiti 4 kwa sekunde, hupanga kurusha kwa 3 na kushuka. Mtu wa namna hii hana imani na Mungu wala na kampuni za simu.

Hatua ya 3: Ipe ruta heshima yake

Ruta ikae nyuma ya runinga, ndani ya kabati, chini ya kitambaa cha kufuma. Juu ya kitambaa weka chombo cha maua ya plastiki, na mbele ya maua picha ya bibi harusi siku ya mahafali. Taa zisionekane. Kama nyumba ina faiba, kile kisanduku kina taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu maana yake mwanga haufiki kwenye waya, na hata ukizima na kuwasha mpaka usiku haitabadilika mpaka fundi aje. Habari za namna hiyo zinaharibu shughuli, ndiyo maana kitambaa ni muhimu.

Laptopu sasa iweke mbali, kwenye korido karibu na jiko, kwa kuwa soketi iliyo hai iko huko. Kati yake na ruta pawepo kuta mbili za matofali, friji, na wajomba sita. Acha laptopu ijiunge kwenye waifai ya gigahezi 2.4, ambayo huvuka ukuta vizuri na kwa sababu hiyohiyo hupokea waifai za majirani wote. Masafa hayo yana chaneli nyingi kwenye orodha, ila zisizoingiliana ni tatu: 1, 6 na 11. Spika ya Bluetooth ya binamu inapita humohumo, na maikrowevu nayo hufanya kazi kwenye masafa hayo. Sambusa zikipashwa moto, mshenga anageuka vipandevipande. Hakuna atakayeunganisha mambo hayo mawili.

Wasaliti wengine huhamia gigahezi 5, kwenye msongamano mdogo, wakakubali kwamba ukuta mmoja tu unaidhoofisha, hivyo wakaisogeza ruta ionane na laptopu. Wasaliti sugu hufanya jambo la aibu zaidi: hutumia waya. Huenda Kariakoo wakanunua waya wa mtandao wa Cat 5e au Cat 6 uliokwisha kubanwa vichwa pande zote mbili. Waya huo unaruhusiwa kufika mita 100, na sebule ya mahari haina mita 100. Laptopu nyembamba za siku hizi hazina tundu lake, basi huongeza adapta ndogo ya USB. Huupitisha pembezoni mwa ukuta, wakaubandika kwa gundi ya karatasi ili bibi asijikwae, na kuanzia hapo ruta hujibu kwa milisekunde 1 hata sambusa zikipashwa moto kutwa. Ni ushamba mtupu. Shangazi atauliza kwa nini nyumba ya watu inatandazwa kamba siku ya wageni.

Hatua ya 4: Gawa nywila kama soda

Mgeni akishaitikiwa salamu, swali la pili ni waifai. Usimnyime, kumnyima mgeni waifai ni kuanza undugu vibaya. Iandike nywila kwa kalamu nene ubandike mlangoni, ili hata wale waliokuja kuchungulia wajihudumie.

Uzuri wa hatua hii ni kwamba hakuna anayefanya kosa. Shangazi hajagusa simu, iko ndani ya pochi. Lakini simu nyingi zimepangwa kuhifadhi picha mtandaoni zikiona waifai, na pochi ya shangazi ina picha za mwezi mzima: vikao, vitenge, mtoto wa jirani, keki ya mfano. Zote zinaanza kupanda kimyakimya, kupitia mlango uleule mwembamba unaotumiwa na matangazo yako. Ruta inapanga foleni. Kile kidirisha cha 8.8.8.8 kinapanda hadi mamia ya milisekunde huku cha ruta kikiwa shwari, na mtaalamu wa haraka atasema, "Unaona? Ni kampuni." Si kampuni. Ni keki ya mfano.

Usiisahau na laptopu yenyewe. Windows ina mpango wa kushusha masasisho, na ikiruhusiwa huzigawia hata kompyuta nyingine za huko nje vipande vya masasisho hayo, kwa ukarimu wa kutumia kasi yako ya kupandisha. Hifadhi ya mafaili mtandaoni nayo ina faili la video ya kitchen party linalosubiri kupanda. Acha yote yaendelee.

Msaliti husimamisha masasisho na hifadhi tangu asubuhi. Kwa wageni hufungua mtandao wa pembeni, ambao ruta nyingi zinao, na kama ruta inaruhusu huuwekea kikomo cha kasi. Ruta isipokuwa na huo, hubadilisha nywila alfajiri na kumwambia kila anayeuliza, "Leo waifai inasumbua, shangazi." Anausingizia mtandao ili kuuokoa.

Hatua ya 5: Rusha kwa ubora wa sinema

Programu unayotumia pengine ni OBS Studio, ya bure, iliyopo tangu 2012. Ifungue, uchague picha ya 1080p, fremu 60 kwa sekunde, kilobiti 6,000. Utakachokuwa ukionyesha ni wazee waliokaa kwenye makochi. Kinachosogea ni feni, na mtoto anayepita mara mbili kutafuta viatu. Hata hivyo wastahili kuonekana kwa ubora wa fainali ya Kombe la Dunia.

Ujue na gari unalopanda. Picha kutoka OBS kwenda YouTube kwa kawaida husafiri kwa RTMP, utaratibu uliobuniwa na kampuni ya Macromedia kwa ajili ya Flash. Flash yenyewe Adobe waliiacha rasmi tarehe 31 Desemba 2020, lakini RTMP ilikataa kuzikwa pamoja nayo. Inapita juu ya TCP, na TCP ina tabia ya mshenga wa zamani: kila kifurushi kinachotumwa lazima upande wa pili ukiri umekipokea; kikipotea, kinatumwa tena, na vilivyo nyuma yake vinangoja. Njia ikiwa nyembamba kuliko mzigo, foleni inarefuka ndani ya laptopu yako. OBS ikiona imezidi, huanza kutupa fremu ili iwahi wakati. Mtazamaji huona mshenga ameganda na mkono hewani. Hali ikiendelea, uunganisho wenyewe unakatika.

Piga na hesabu ya bando. Kilobiti 6,000 kwa sekunde ni kama gigabaiti 2.7 kwa saa. Mazungumzo ya mahari ya saa tatu yatakula zaidi ya gigabaiti 8. Ukinunua bando la gigabaiti 5, litakwisha baada ya utambulisho na kabla ya makubaliano, bila wewe kugusa chochote. Hakuna njia nadhifu kuliko hiyo.

Msaliti huchagua 720p, fremu 30, kilobiti 2,500, ambazo ni kama gigabaiti 1.1 kwa saa, na ikibidi hushuka hadi 480p bila kuona haya. Hupanga kiwango kisichobadilika, fremu kuu kila sekunde 2, na kwenye mipangilio ya ndani huwasha kile kipengele kinachoiruhusu OBS ipunguze ubora yenyewe njia inapobana badala ya kutupa fremu. Pesa anayobakiwa nayo hununua maikrofoni ya kubana kifuani, akambandika mshenga. Anajua kwamba mjomba atavumilia sura yenye ukungu; asichovumilia ni kutosikia namba.

Hatua ya 6: Ichoshe laptopu, kisha usome namba isiyo yake

Iweke laptopu juu ya mto, mto uwe na foronya ya kitenge, ili matundu ya hewa ya chini yazibwe sawasawa. Usiichomeke kwenye umeme mapema. Ikiwa kwenye betri, na ikipata joto, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe. Fungua kivinjari chenye kurasa zote ulizowahi kukusudia kusoma. Halafu, na hili ndilo pigo la mwisho, fungua YouTube kwenye laptopu hiyohiyo ujitazame unavyorusha. Sasa unapandisha picha na kuishusha kwa wakati mmoja, prosesa inaifunga na kuifungua, na sauti ya mshenga inarudi kupitia spika na kuingia tena kwenye maikrofoni. Huko Minneapolis wanasikia mahari ikitajwa mara nne.

OBS ina dirisha la takwimu, na ndani yake kuna hesabu tatu za fremu zilizopotea. Wasaliti huzitenganisha. Fremu zilizodondoshwa na mtandao zikiongezeka, hushughulikia waya, waifai na kasi ya kupandisha. Zilizorukwa kwa sababu ya usimbaji zikiongezeka, mtandao hauhusiki hata kidogo: prosesa imeshindwa kuifunga picha kwa wakati, na dawa yake ni kuuhamishia mzigo huo kwenye kifaa maalumu kilichomo ndani ya chipu, Quick Sync kwa Intel au NVENC kwa NVIDIA, au kupunguza fremu. Zilizokosekana kwa uchoraji zikiongezeka, kadi ya picha imelemewa, mara nyingi na madoido yaliyowekwa kwenye skrini: maua yanayodondoka, majina ya maharusi yanayozunguka, mioyo inayodunda. Wewe hayo yote yajumlishe kwa jina moja. Hatua ya 1 imekwisha kukupa jina lenyewe.

Kujitazama, wasaliti nao wanajitazama, ila kwa simu yenye bando lake, na spika za masikioni.

Hatua ya 7: Akiba iwe simu ambayo ukoo mzima una namba yake

Waifai ikikataa, washa hotspoti ya simu yako. Iwe laini yako ya siku zote, ile iliyomo kwenye kila simu ya ukoo kuanzia Tanga hadi Muscat.

Hapa mambo hujiendesha yenyewe. Picha inaganda kidogo. Mjomba wa Muscat, kwa upendo, anapiga simu kuuliza mbona imeganda. Kwenye simu na laini ambazo mazungumzo hayapiti 4G, simu ikiingia inashuka hadi 3G, ambako data inadorora, au 2G, ambako inasimama. Kwa hiyo picha inakatika kabisa. Mjomba anaona imekatika kabisa, anapiga tena. Dada wa Minneapolis naye anaona, anapiga. Kila anayetaka kujua kwa nini imekatika ndiye anayeikata.

Msaliti hubeba laini ya pili ambayo hata mama yake hana namba yake. Huiunganisha simu na laptopu kwa waya wa USB badala ya hotspoti, hivyo simu inachajiwa na hewa ya 2.4 inapumzishwa. Hukagua bando lake linaisha saa ngapi. Kisha huandika kwenye kundi la familia: "Ikikata msipige. Ngojeni, inarudi." Watapiga tu, ila namba nyingine.

Hatua ya 8: Usitazame mita ya LUKU

Siku ya mahari umeme una kazi: friji mbili, feni zote, birika, spika, na pasi ya mtu aliyechelewa. Mita ya LUKU inaanza kulia kwa sauti nyembamba nje ya dirisha, na kila aliyepo anadhani ni simu ya mwenzake. Uniti zikiisha, laptopu yako itaendelea kuwaka kwa betri, nzuri, inang'aa, huku ruta ikiwa imezimika chini ya kitambaa chake. Utabaki ukirusha matangazo safi kutoka kwenye laptopu hadi kwenye hewa ya korido. Wakati huo baba mwenye nyumba anasomewa tarakimu 20 za tokeni, gizani, na mtu aliyesahau miwani.

Msaliti hununua umeme siku moja kabla. Tena huichomeka ruta kwenye UPS ndogo. Ruta nyingi zinatumia volti 12 tu na hazili sana, hivyo UPS ya ukubwa wa kitabu huweza kuzishikilia saa kadhaa. Kama ni faiba yenye visanduku viwili, huvichomeka vyote viwili, maana ruta inayowaka mbele ya kisanduku cha faiba kilichozimika ni mapambo.

Hatua ya 9: Mengine madogomadogo

Chaneli ya YouTube ifungulie huduma ya kurusha mubashara asubuhi ya siku yenyewe. Mara ya kwanza inaweza kuchukua hadi saa 24 kuruhusiwa, kwa hiyo mahari itakuwa imeliwa.

Kila pakiwa kimya, piga taarabu au Bongo Fleva kwa sauti ya juu. YouTube huchunguza matangazo yakiwa hewani. Ikitambua muziki wenye mwenyewe, huweza kuficha picha yako kwa picha ya onyo, na muziki ukiendelea huweza kuyakata matangazo. Aliyeyakata ni msanii uliyempenda.

Ikishindikana: matangazo yasipokatika

Wapo watakaousoma mwongozo huu kinyume, na matangazo yao yataenda saa tatu bila kuganda. Wajiandae kwa balaa mbili.

Balaa ya kwanza ni mjomba wa Muscat. Wote wanaandika hongera na mioyo, yeye peke yake anaandika, "Inakata." Watazamaji wengine wakiwa wanaona vizuri, kinachokata kiko kwake: yuko chumba cha mwisho, mbali na ruta yake, na wanawe wanacheza gemu. Mwambie kwa adabu ashushe ubora hadi 360p, au asogee sebuleni. Hatakubali. Kwa umri wake na mchango wake, hawezi kuwa yeye ndiye mtandao.

Balaa ya pili ni nzito zaidi. OBS hurekodi kwenye diski huku ikirusha, ukiiamuru, na rekodi hiyo haidhuriki hata uunganisho ukikatika. YouTube nayo huhifadhi matangazo yasiyozidi saa 12. Maana yake kila kitu kimebaki, kwa sauti ya ile maikrofoni nzuri: kiasi kilichotajwa, kiasi kilichokubaliwa, mkaja wa mama, kilemba cha mjomba, na alichosema baba mdogo pembeni kuhusu ukoo wa bwana harusi akidhani hasikiki. Jioni, wageni wakiwa wameondoka, mzee mmoja atakufuata pale unapokunja waya.

"Mwanangu."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hongera sana. Wamesema picha ilikuwa safi mwanzo mpaka mwisho."

"Ahsante, baba."

"Pale nilipokubali kupunguza. Palisikika?"

"Palisikika, baba. Pote."

Atatazama maua ya plastiki kwa muda. "Kwani hapawezi kukatika kidogo?"

Panaweza. YouTube Studio ina kihariri: chagua mwanzo wa kipande, chagua mwisho, kata, hifadhi, subiri kichakatwe. Kuanzia hapo mshenga anafungua mdomo, na mara watu wanakula pilau. Mzee akiridhika, nakili rekodi nzima kwenye diski ya nje, uifungie kabatini, usimwambie mtu. Siku ndoa hiyo ikiingia kwenye kikao cha nani alitoa nini na nani alibakisha, koo zote mbili zitakutafuta kwa usiku mmoja, na hapo, mpwa, ndipo unapotaja bei yako. Taja mara moja, polepole, na uhakikishe wamesikia.